Meza ya magamba: shajara ya safari ya Lamu

Siku ya 1, Jumapili. Mwanza hadi Sirari

Tuko wanne. Nesi, rafiki yangu tangu sekondari, ambaye akikaa karibu na sufuria hukwangua hata ukoko. Mwalimu, wa Hisabati, Msabato wa kuzaliwa. Babu, ambaye si babu wa mtu. Ana miaka 31, na jina alipewa chuoni kwa kulalamikia kila kitu kama mzee mwenye miguu inayouma. Na mimi mwandishi, mwenye kalamu mbili ambazo moja imeshavuja kabla hatujafika Magu.

Ndani ya basi tumewekeana sharti moja: kila siku kila mtu aonje kitu ambacho hakijawahi kupita kooni mwake. Mwalimu akanyoosha mkono kama yuko kwenye kikao cha walimu. Yeye ataonja, alisema, ila kiwe na mapezi na magamba. Walawi 11. Hata kambare wa kwetu hamgusi, seuze hayo madudu ya baharini. Babu alicheka mpaka Bunda. Yeye anakula chochote ambacho hakijamla yeye kwanza.

Sirari tumefika giza limeingia. Shilingi moja ya Kenya inakwenda kama 20 zetu, basi Nesi ameanza kuzidisha kila bei kwa 20 na kushika kifua. Chai ya kwanza upande wa Isebania imemtoa jasho. Nimemwambia asipoacha hesabu hizo atarudi Mwanza na njaa.

Siku ya 2, Jumatatu. Nairobi hadi Mombasa

Sina la kuandika. Usingizi wa kukaa, baridi ya Narok dirishani, kisha treni ya Madaraka kushuka pwani. Tumekula mikate yetu wenyewe. Kuna tembo walionekana Tsavo, lakini Babu alikuwa amelala na alipoamshwa akasema tumemdanganya.

Siku ya 3, Jumanne. Malindi

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na ukishuka tu kituoni jua linakukalia mabegani. Tumepanga kulala usiku mmoja, kesho tuendelee.

Malindi inachanganya. Kijana wa kuuza vinyago alitupungia mkono akasema "Ciao!" Tukamjibu "Salama, kaka." Akacheka, akasema samahani, mazoea. Waitaliano wamejaa hapa miaka mingi, na watoto wa mjini wanakizungumza Kiitaliano bila kukisomea darasani. Nesi akanunua aiskrimu ya Kiitaliano, akazidisha kwa 20, akaila polepole sana ili thamani isimwagike.

Chakula chetu cha leo ni viazi karai. Viazi vinachemshwa, vinamenywa, vinachovywa kwenye uji mzito wa unga uliotiwa manjano na chumvi, kisha vinatoswa kwenye mafuta. Unapewa moto, na rojo la ukwaju lenye pilipili. Kwetu kiazi tunakijua kwa chipsi tu, tena chipsi mayai. Huyu wa karai amevaa koti. Ukiuma unakutana na ganda laini la manjano, halafu kiazi kinachopumua mvuke, halafu ukwaju unakubana taya. Mwalimu amekula saba. Viazi havihitaji magamba.

Mchana tuliingia kwa mama mmoja wa Kigiriama anayeuza sima kwenye kibanda cha makuti. Alikuwa na mboga anayoiita mtsunga. Mwalimu alipoiona tu akasema, "Hii si mchunga?" Ndiyo yenyewe. Babu akaonja, akakunja uso kama aliyenyweshwa kwinini. Mwalimu akamaliza bakuli na kuomba nyongeza, mara ya kwanza na, nadhani, ya mwisho katika safari hii kuwa mlaji hodari kuliko Babu. Mama akamwangalia, akasema, "Huyu kijana wa kwetu."

Jioni tukatembea hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa mwaka 1498. Mimi nilichokuwa nakifikiria ni yule twiga ambaye Malindi ilimpeleka zawadi kwa mfalme wa China mwaka 1415. Miezi yote ile juu ya maji, mnyama mwenye shingo ile, alilishwa nini? Aliyemkatia majani ndiye aliyeonja vyakula vya ugenini kweli kweli. Sisi tunajisifia viazi.

Siku ya 4, Jumatano. Malindi hadi Lamu

Basi la alfajiri. Gongoni, Garsen, daraja la Mto Tana, Witu, Hindi. Tumeteremshwa mara kadhaa kuonyesha vitambulisho, na pasipoti zetu zikawafanya askari watuulize habari za Mwanza. Mmoja alitaka kujua kama sangara ni mkubwa kama wanavyosema. Babu akapanua mikono. Askari akasema, "Punguza."

Mokowe barabara inaishia majini. Mizigo inaingia kwenye boti, na boti inakupeleka hadi gati la mji. Hakuna gari linalokungoja. Wapo punda, mikokoteni, na vijana wanaojua kila nyumba. Vichochoro vya mji mkongwe ni vyembamba kiasi kwamba punda akija unaegemea ukuta na kuvuta tumbo. UNESCO iliuweka mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na punda wanaonekana kujua hilo, hawapishi mtu.

Tumepanga vyumba viwili kwa bibi mmoja mjane mwenye nyumba ya ghorofa, ukuta wa sebuleni umejaa vidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo. Yeye anatuita "wanangu", sisi tunamwita Bibi. Hapa ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili changu, ninachojivunia tangu darasa la kwanza, kina mashimo.

"Ndooni mule," alituita kutoka ukumbini. Nikadhani anaomba ndoo. Nikamletea ndoo. Akaicheka ndoo, akanicheka mimi. *Ndoo* kwa Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, ni njoo. Kisha akauliza, "Mutataka mtuzi?" Babu akaninong'oneza kama mtuzi ni yule kijana aliyetubebea mabegi. Mtuzi ni mchuzi! Usiku huo tulikula wali wa nazi kwa mtuzi wa samaki, na Babu kila akimaliza kipande alisema, "Kijana wa mabegi ni mtamu sana."

Siku ya 5, Alhamisi. Lamu

Asubuhi tumewekewa mahamri na mbaazi. Tena: mbaazi. Asubuhi. Pamoja na chai.

Hapa lazima nieleze. Shemeji yangu analima mbaazi Babati. Mwaka 2017, India ilipobana uingizaji, bei ilianguka na magunia yakalala ghalani kwake mpaka panya wakanenepa. Miaka yote hiyo hatukuwahi kufikiria kwamba dawa ya magunia yale ni kuyala sisi wenyewe, kwa nazi, saa moja asubuhi. Kwa ukoo wetu mbaazi ni zao la kuuza. Hapa zimechemshwa hadi zikalainika, zikatiwa kitunguu, bizari, na tui zito likaziganda juu kama krimu. Mahamri nayo si maandazi yetu ya kukaba roho. Yana iliki, yana tui ndani ya unga, yameumuka yakawa matupu katikati. Unalichana pembeni, unalijaza mbaazi kama unajaza mfuko. Nimekula matano. Nimempigia shemeji simu, akadhani naomba mkopo.

Baadaye sokoni, jirani na Ngome. Wauzaji wa samaki wamepanga changu, tafi, nguru, kolekole, na papa aliyekatwa vipande. Mwalimu akaanza ukaguzi. Kila samaki alimgeuza, akampitisha ukucha kuanzia mkiani kwenda kichwani. Changu akapita bila swali, magamba yake yanaonekana hata ukiwa ng'ambo ya soko. Kwa nguru ikawa kesi. Nguru anateleza, anang'aa kama bati jipya, ukimgusa huoni kitu.

"Huyu hana magamba," Mwalimu akasema.

Muuzaji, mzee mwenye kofia ya vito, hakujibu. Akachukua kisu, akakigeuza upande wa mgongo, akamkwaruza nguru taratibu nyuma ya pezi la ubavuni. Akamwinulia Mwalimu kisu puani. Kwenye chuma kulikuwa na vijigamba vidogo kama mba, vinametameta. "Hebu yatizame kwa mato yako," akasema. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Tulikuwa tumeshazungukwa na watu kama wanane, wote wanangoja hukumu. Mwalimu akasema ana magamba, ila atampitisha kwa mashaka. Soko zima likacheka. Tukanunua changu wawili wakubwa.

Bibi alisema atatupikia samaki wa kupaka na kwamba hakuna atakayekula bila kufanya kazi. Babu akapewa mkaa. Nesi akapewa kitunguu saumu na tangawizi za kutwanga. Mwalimu akapewa mbuzi.

Mbuzi mwenyewe ni kile kigoda cha kukunia nazi chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mwalimu amekikalia kama mpanda baiskeli, akakuna dafu zima na nusu ya kidole gumba. (Halikuwa dafu, Bibi amenisahihisha hapa hapa nikiandika. Dafu ni la kunywa. Ile ilikuwa nazi.) Machicha yakamiminiwa maji ya uvuguvugu kidogo, yakafinywafinywa, yakakamuliwa kwenye kifumbu. Tui lililotoka kwanza ni zito, jeupe, linashika kidole. Hilo linaitwa kasimile na limewekwa kando lifunikwe. Maji ya pili yakatoa tui jepesi. La tatu lilikuwa kama maji ya kuoshea bakuli. Bibi akasema lile jepesi ndilo linaanza jikoni na vitu vigumu, na kasimile huja mwisho, na likishaingia usiache kukoroga hata nyumba ikiungua, maana likikatika limekatika.

Changu walikuwa wamechanjwa mbavuni, wamepakwa saumu, tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu, wamekaa saa moja. Wakawekwa juu ya mkaa. Kando, kasimile ilikuwa inachemka na manjano, ukwaju na pilipili mbichi, Nesi anakoroga bila kupumua. Ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Bibi akachukua mwiko, akaupaka ule upande uliokwisha kuiva, akageuza, akapaka, akageuza. Kila tone lililoangukia mkaa lilitoa moshi wenye harufu ambayo sijui niiandikeje. Nazi inayoungua kidogo. Mafuta ya samaki. Ukali wa ukwaju. Punda wa jirani alisimama mlangoni na hakuondoka.

Sato wetu ni mtamu, siwezi kumsaliti. Lakini sato tunamkaanga, tunamchemsha, basi, tumemaliza maarifa yote. Sijawahi kuona samaki anayehangaikiwa hivi. Mwalimu alikula mpaka kichwa, akanyonya macho, akasema, "Huyu hana mashaka."

Siku ya 6, Ijumaa. Lamu

Asubuhi Ngome. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikaja kuwa gereza hadi mwaka 1984. Babu aliuliza wafungwa walikuwa wanakula nini. Anaanza kuwa na swali moja tu maishani.

Mchana wanaume wa nyumba zote wameelekea msikitini, na waliporudi sinia za pilau zilipita kichochoroni zimefunikwa vitambaa, nyumba hii kwenda ile. Moja ikaingia kwetu kutoka kwa jirani ambaye hatumjui hata kwa sura. Bibi akasema ni Ijumaa, kwani huko kwenu hamupelekeani? Nikafikiri kidogo, nikasema tunapelekeana Krismasi.

Saa kumi Mwalimu akashuka jikoni kwa heshima zote. Sabato yake inaanza jua likizama. Alitaka kumwomba Bibi kwamba kesho asiwashe moto kwa ajili yake, hatanunua kitu wala hatapikiwa, kama kuna kiporo kitamtosha. Nilikuwa na wasiwasi jambo lile litaeleweka vipi. Bibi akamsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Jumamosi yote hupikiwi?" Akasema ndiyo. "Na kula wala?" Anakula. "Basi nimefahamu," akasema, na kabla ya magharibi alikuwa ameshachoma changu wa tatu, amepika mseto wa choroko, ameviweka kwenye bakuli zenye vifuniko na kumpandishia juu darini. Mwalimu alibaki amesimama na bakuli mkononi kama mtoto aliyepewa zawadi ya mtu mwingine.

Sisi watatu tukatoka usiku kwenda ufukweni kutafuta pweza.

Muuzaji ana karai, ana jiko, ana bakuli la pilipili, na taa ya kandili. Pweza amechemshwa, mikono yake imejikunja, chini ina vile vikombe vya kunyonyea vimejipanga viwili viwili kama vifungo vya koti la mwanajeshi. Anakatiwa kwa kisu, unachomewa kijiti, unachovya. Tuliuliza anapatikanaje. Akasema subirini maji ya bamvua. Bahari ikikupwa sana mwamba unabaki wazi na wavuvi, akina mama wakiwemo, wanakwenda na vijiti kumtafuta kwenye mashimo. Kisha anapigwa. Usipompiga utamtafuna mpaka Maulidi.

Nesi alianza. Akatafuna akiangalia mbali, kama anayesikiliza mapigo ya moyo wa mgonjwa. "Kama firigisi," akasema, "firigisi iliyosoma." Mimi nikaona karibu zaidi na uyoga. Babu akanywa na supu, vikombe viwili, baada ya muuzaji kumweleza faida yake kwa wanaume, na akatusihi tusimwambie Mwalimu. Kwa nini Mwalimu? Hakusema.

Siku ya 7, Jumamosi. Shela

Mwalimu yuko darini na Biblia, na upepo wa kaskazi unamfunulia kurasa kabla hajamaliza. Tumemwacha.

Shela ni kama kilomita 3 kwa miguu kando ya maji. Huko mchanga haujui kwisha, na hoteli zina bei ambazo Nesi alipozizidisha kwa 20 alikaa chini. Tukapata mahali pa kadiri, sitapataja, palipoandikwa ubaoni: KAMBA WA NAZI.

Huku kamba ni dudu la baharini, kama uduvi mkubwa. Kwetu kamba ni ya kufungia ng'ombe. Na kumpiga mtu kamba ni kumdanganya. Babu akasema kamba hazimdhuru, amepigwa nyingi maishani. Akaagiza sahani kubwa peke yake. Walikuja wekundu kidogo, wamejikunja kama vidole vya mtoto mchanga, wameogelea kwenye tui la manjano lenye majani ya kotmiri. Mimi nilikula wawili nikasimama, utamu wake una kitu cha sukari kisichonikaa vizuri. Babu alikula wote, na mikia, na wawili wangu waliobaki.

Kama robo saa hivi akaanza kujikuna shingo. Akasema mbu. Saa saba mchana. Kisha akasema midomo inamwasha ni pilipili. Nesi aliacha kula. Nilimwona anamtazama Babu kwa yale macho ambayo si ya rafiki tena, ni ya wodini. "Toa ulimi," akamwambia. "Vuta pumzi. Tena. Koo linabana? Sema jina langu lote." Babu akasema jina lote, ila mdomo wa juu ulikuwa umeshaumuka kama hamri. Vipele vilikuwa vinamtambaa kifuani.

Ni mzio. Nesi anasema wako watu wa bara wanaogundulia huku huku, kwa sababu mtu anaweza kukaa miaka 31 bila kukutana na kamba hata mmoja, mwili ukamgomea siku ya kuwajua. Alikuwa na vidonge vya setirizini kwenye pochi, akampa kimoja, akamkalisha kivulini, akamhesabia pumzi. Tayari alikuwa amemwomba mwenye mashua akae tayari kutukimbiza hospitali: pumzi zikianza kukatika au mtu akizimia, alisema, kidonge si kazi yake tena. Pumzi hazikukatika. Baada ya saa mbili mdomo ukaanza kushuka.

Mwenye mgahawa aliona yote, akaleta bili ile ile, na juu yake akaongeza limau alilompa Babu anyonye. Nesi hakuzidisha kwa 20. Alimtazama tu, na limau likafutwa.

Tumerudi kwa mashua, Babu amejifunika kanga ya Nesi usoni. Mwalimu alikuwa ameketi barazani, Sabato inakaribia kwisha. Nilijiandaa kwa hotuba, walau mstari mmoja wa Walawi. Alimkagua Babu, akanyanyuka, akaenda kumletea bakuli la mseto alilokuwa amelibakiza. Wakala pamoja bila kusema.

Bibi akatangaza amri usiku huo huo: kuanzia sasa nyumba ina meza mbili. Meza ya magamba, yaani Mwalimu na Babu. Na meza ya wasio na akili, yaani mimi na Nesi.

Siku ya 8, Jumapili. Lamu, siku ya mwisho

Nilikuwa nimesikia habari za mkate wa mofa tangu tufike, kila mtu akisema zamani ulikuwepo kila kona. Bibi amenipeleka kwa mwanamke ambaye bado anachoma. Mofa ni tanuri lenyewe, la udongo, kama mtungi mkubwa uliofunguliwa mdomo, moto uko chini ndani. Donge la unga wa mtama linabapwa kwa viganja, linalowanishwa upande mmoja, kisha mkono unaingia ndani ya ule mdomo wa moto na kulibandika ukutani. Ukweli nilifumba macho. Yeye alikuwa anaongea na Bibi habari za harusi, mkono unaingia, unatoka, kama anatia barua kwenye sanduku.

Mkate ukitoka ni mgumu pembeni, mnene katikati, una harufu ya majivu na ya shamba. Tukaula na supu ya nyama. Mtama! Bibi yangu mzaa baba, Usukumani, alikula ugali wa mtama maisha yake yote, na sisi wajukuu tukauacha kwa sababu tuliuona chakula cha njaa. Nimekuja kuulipia Lamu. Mwalimu na Babu wameruhusiwa meza yetu kwa muda, maana mtama nao hauna magamba wala mzio.

Haluwa nimeinunua usiku, bado vuguvugu, imefungwa kwenye kikapu kidogo cha ukindu. Nyeusi kahawia, inatikisika. Wanga, sukari, samli, iliki, na mkono wa mtu anayekoroga kwa muda ambao mimi ningeomba likizo. Peke yake inachosha kwa utamu. Ndiyo maana huja na kahawa chungu, ile inayotoka kwenye dele la shaba lenye makaa chini, katika kikombe kisichozidi kifuniko cha chupa. Tonge la haluwa, funda la kahawa. Wazee barazani walituonyesha mpangilio: Babu alikuwa ameanza na kahawa, akasahihishwa na watu watatu kwa mpigo.

Halafu nimefanya kosa. Nimenunua papa mkavu, ng'onda, kipande kikubwa cha kumpelekea Mama.

Siku ya 9 hadi ya 11. Kurudi

Bibi alitufuata hadi gatini akiwa na buibui lake na kifurushi. Alimpa Mwalimu mwenyewe mkononi. Ndani mlikuwa na changu wa kukaanga, mahamri, na ndimu mbili. "Ana magamba," akamwambia, "nimeyaona mimi."

Kuhusu papa, nifupishe. Tulipofika Witu abiria wa nyuma walikuwa wanaulizana nani kafa. Garsen kondakta akapita kila kiti ananusa. Nikajisalimisha. Kikapu kikahamia kwenye buti, na mabegi yetu yote yaliyokuwa kwenye buti yakafika Mombasa yakiwa yamebatizwa. Kwenye treni nilikifunga kwa mifuko minne. Nairobi kwa mitano. Sirari ofisa alifungua zipu, akarudisha kichwa nyuma, akafunga zipu, akasema karibuni nyumbani. Nesi anasema nguo zake za kazini zitafuliwa mara tatu, na gharama ni yangu, kwa shilingi za Kenya.

Mama ameshangaa kipande hicho kwa dakika nzima. Yeye amekausha dagaa na sangara tangu ujana wake, hakuna harufu ya samaki inayomtisha, lakini hii aliizunguka. Nikampa maelekezo ya Bibi: loweka, mwaga, chemsha, mwaga, kisha nazi. Nazi ya Mwanza imetoka Tanga na bei yake inajulikana. Kasimile ikaingia mwisho, nikakoroga bila kuacha. Haikukatika.

Alionja mchuzi kwanza. Kisha nyama. Akatafuta miba, hakuiona, akanitazama kwa mashaka, akaendelea.

"Mbona mtamu," akasema. "Mpelekee na Mwalimu kidogo."

Nikamwambia Mwalimu hali papa, hana magamba.

Mama akafikiri, mwiko mkononi.

"Basi mpelekee mchuzi."